Kabati la Chumba cha Nyuma

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na goti lako, maana najua unaisoma barua hii ukiwa umelinyoosha juu ya kiti cha pili na kumtuma shemeji miwani. Linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua inasaidia, au umeiacha kimyakimya na kumdanganya daktari kama kawaida yako? Shemeji msalimu sana. Mwambie ile saa yake ya mkononi asioge nayo tena. Nimeikausha mara tatu, ya nne tutaizika. Sisi huku hatujambo. Niseme mimi, maana siku hizi niko peke yangu. Mimi huku sijambo. Nakula, nalala, kifua kimetulia.

Barua yako ilifika Jumanne na nimeshaisoma mara nne. Umesema watu wamekueleza kwamba binti yangu Chiriku alibaki kwangu wiki tatu nzima baada ya ndoa, mumewe akatangulia peke yake, na eti sababu ni kabati. Umeniuliza ni kabati gani hilo la kumtenga bibi harusi na mumewe. Tena umenionya nisithubutu kukujibu kwa simu, kwa sababu kwenye simu nakohoa tu na kuuliza kama huko mvua imenyesha. Haya, Dada. Nimekaa kwenye meza yangu ya kazi, saa za watu nimezisogeza pembeni, nakuandikia. Univumilie nikizunguka kidogo kabla ya kufika.

Wewe ndiye uliyenilea, kwa hiyo unajua kwamba mikono yangu tangu zamani ni ya vitu vidogo. Hapa mtaani wananiita Bwana Sekunde, wakubwa kwa watoto. Zaidi ya miaka thelathini nimeitazama dunia kwa lenzi niliyoibana jichoni, dunia yenye upana wa kifungo cha shati. Sikuwahi kufikiri kwamba ningekuja kushika msumeno. Ilianza miaka miwili iliyopita, rafu ya saa za ukutani ilipoanguka dukani. Nikasema, mbao tatu na misumari kadhaa, kuna nini cha kumwitia mtu? Nikaenda kwa Mama Mbao, yule mama anayeuza mbao kule barabara ya chini, mwenye kalamu ya risasi sikioni kila wakati. Aliniuzia ubao mmoja mzuri, mwekundu kidogo, akaniambia niulaze ndani wiki mbili kwanza kabla ya kuugusa, uizoee nyumba yangu. Nilidhani ananitania. Shaba ya saa haihitaji kumzoea mtu. Nikaukata siku ileile. Baada ya mwezi rafu ilikuwa imebinua mgongo kama paka anayejinyoosha, na saa zote juu yake zimeegemeana kama walevi.

Nilipomrudia hakunicheka sana. Alinieleza kwamba mbao hata ikishakatwa inaendelea kupumua, mvua ikija inanenepa, jua likiwaka inakonda, na kwamba mtu anayetaka kuiweza aache kuiamuru. Dada, maneno hayo yalikaa kichwani mwangu kama wimbo. Nilinunua randa kuukuu, patasi mbili, msasa, gundi, nikahamia chumba cha nyuma.

Chumba kile unakikumbuka, ndicho mama yake Chiriku alichokuwa akishonea. Tangu atuache, miaka sita sasa, kilikuwa kimefungwa tu. Kina madirisha mawili yenye nondo, na kila alasiri jua huingia kwa dirisha la kushoto, likatambaa sakafuni polepole mpaka likapanda ukutani. Dukani kwangu kila kitu kinasema saa ngapi. Nilipo mimi kuna saa arubaini zinazosemezana bila kuelewana. Chumba cha nyuma hakikuwa na hata moja. Ningefunga duka Jumamosi mchana, nikasimama pale na randa yangu, na maranda yakawa yanatoka yakijikunja, membamba mpaka mwanga unapita, yakiniangukia miguuni bila sauti. Harufu yake ilikuwa kama ya kitu nilichowahi kukijua nikiwa mdogo na sasa nimekisahau jina. Nikishaanza kupiga randa sikuwa tena mjane, sikuwa fundi, sikuwa na umri. Mara nyingine nilihisi kabisa kwamba mama Chiriku yuko nyuma yangu kwenye cherehani, na kwamba nikigeuka ataniambia nimechafua sakafu yake. Sikuwa nageuka. Nilitengeneza kigoda, kikayumba. Nikatengeneza benchi, likayumba kidogo tu. Nikatengeneza meza ya jikoni, na hiyo, Dada, ukiiwekea glasi iliyojaa maji hadi juu haimwagiki.

Chiriku alikuwa na furaha nami. Unakumbuka kwamba baada ya msiba aliacha kazi yake ya hotelini akaja kunisaidia kaunta. Jina ulilompa akiwa na miaka mitatu bado linamfaa. Tangu anapofungua duka mpaka anapolifunga mdomo haupumziki. Wateja wanakuja na saa nzima, haina hata mkwaruzo, ili mradi waongee naye. Mimi nilikuwa nyuma ya kioo na lenzi yangu, sisemi kitu, nikimsikia kama mtu anavyosikia maji yakipita. Miaka sita niliishi hivyo, nikadhani ndivyo dunia ilivyo.

Ndipo akaja Mrefu. Ni mpima ardhi, mtu wa kuinama kila mlangoni, mpole, maneno yake ya siku nzima yanaenea kwenye bahasha. Alileta saa ya babu yake, akairudia mara kumi na moja kabla sijaimaliza, na mimi na lenzi yangu yote sikuona kitu. Siku Chiriku aliponiambia wanaoana, na kwamba Mrefu amepata kazi mji wa mbali, mwendo wa siku moja na nusu kwa basi, nilimkumbatia, nikamwambia vizuri, mwanangu, vizuri sana. Kisha nikamwambia nitamtengenezea kabati la nguo. Liwe zawadi yangu, nilifanye kwa mikono yangu, kila anapolifungua anikumbuke.

Miezi mitano, Dada. Safari hii mbao nilizilaza mwezi mzima, zikanizoea mpaka mimi nikazizoea. Mama Mbao alipoona karatasi yangu ya vipimo aliuliza mara mbili. "Kina cha sentimita themanini? Baba, humo utaweka nguo au ng'ombe?" Nilimjibu kwamba binti yangu ana nguo nyingi. Alinitazama kidogo, akaichomoa kalamu sikioni, akanikatia.

Miezi ile nilielea tu. Ilikuwa majira ya mvua, maji yakigonga bati, na mimi ndani nikipaka gundi kwenye viungo, nikibana, nikingoja. Kabati lilipopata kuta zake tatu na kipaa nilikuwa naingia ndani na kuketi, mgongo wangu kwenye mbao, nikasikiliza. Humo ndani nyumba yangu ilisikika kama nyumba ya mtu mwingine, ya zamani, yenye watu wengi. Chiriku aliwahi kunikuta nimeketi humo, akacheka hadi akakaa chini. Aliingia naye, akakaa kando yangu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akanyamaza, labda dakika kumi. Tulisikiliza mvua.

Ndoa ilifungwa Ijumaa, kama ulivyosikia, shughuli ndogo tu, na nilisikitika kwamba goti lilikuzuia. Jumamosi asubuhi likaja lori. Mizigo yote ikapakiwa, likabaki kabati. Wapagazi wawili na Mrefu wakaliinua, wakafika mlangoni mwa chumba, likagota. Wakaligeuza ubavu, likagota. Wakalilaza, wakalisimamisha, wakalijaribu kwa pembe, wakalirudisha. Dada, unajua watu wa mtaani walivyo. Ndani ya nusu saa kila aliyepita njia alikuwa fundi. Mmoja alisema ling'olewe miguu, wakati halina miguu. Mwingine alitaka fremu ya mlango ivunjwe, akaambiwa ni ya chuma na imefungwa kwa saruji. Jirani yangu wa mkono wa kulia alikuwa tayari amekwenda kuleta nyundo kubwa abomoe ukuta, tena kwa moyo mweupe kabisa. Mama Mbao, aliyekuja kuaga, alisimama barazani, mikono kifuani, hakutoa ushauri wowote. Kabati lote nilikuwa nimelifunga kwa gundi, si la kufunguka.

Chiriku alicheka kuliko wote. "Bwana Sekunde! Mtu anayeona vumbi ndani ya saa ya kike, mlango hajauona!" Watu wakaangua kicheko. Mimi nikajaribu kucheka. Ndipo akaniangalia usoni, na kicheko chake kikazimika. Alikuja akanishika mkono. Kisha akamwita mumewe pembeni, wakazungumza kwa muda chini ya dirisha, na aliporudi alitangaza kwamba yeye hatapanda lori siku ile. Mrefu atangulie, maana kazi yake inaanza Jumatatu; yeye atabaki mpaka baba alipatie kabati dawa, hawezi kuondoka na kumwachia baba yake aibu ya namna ile chumbani. Mrefu hakubisha. Alinipa mkono, akainama mlangoni, akaenda zake.

Zile wiki tatu sitazisahau. Zilipita kama usingizi wa mchana, ule ambao unajua umelala na hutaki kuamka. Asubuhi duka linafunguliwa, sauti yake inaanza. Jioni tunakula mezani pale. Kila siku aliniuliza kuhusu kabati, na kila siku nilimwambia bado nafikiria, gundi hii ni ngumu, si jambo la kukurupuka. Nilikuwa naingia chumba cha nyuma, nafunga mlango, napiga msasa palepale nilipokwisha kupiga, ili asikie kwamba nafanya kazi.

Lakini maneno yake yalianza kupungua. Mwanzo niliona wateja hawakai. Kisha nikaona nasikia saa zangu, zote arubaini, mchana kweupe, jambo lililokuwa halijatokea miaka sita. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema hapana, baba, ni joto tu.

Alasiri moja ya Jumapili nilichemsha chai nikabeba vikombe viwili, chake na changu. Hakuwa sebuleni wala chumbani kwake. Nikasikia sauti chumba cha nyuma. Alikuwa ndani ya kabati, mlango mmoja ameurudisha, anaongea na mumewe kwa simu. Dada, alikuwa anaongea kama Chiriku! Yote yalikuwa humo: mteja aliyekuja na saa ya ukutani ndani ya foronya, jirani na nyundo yake, mimi na supu niliyoiunguza. Maneno yale ambayo nilikuwa nimeyakosa dukani alikuwa anayatunza, anayapeleka huko. Kisha sauti ikashuka. Nikamsikia akisema, "Sijui ni lini. Nikiondoka ataongea na nani? Hajui hata kumsalimu mteja." Akasikiliza. Halafu akalia, kidogokidogo, kama mtu anayejizuia asilichafue kabati jipya.

Nilirudi jikoni na vikombe vyote viwili. Nikaimwaga chai.

Kesho yake asubuhi sikufungua duka. Niling'oa plaiwudi ya mgongo wa kabati, nikapiga mstari wa penseli pande zote, sentimita ishirini kutoka nyuma, nikamwita ashike upande wa pili. Tulikata mpaka saa saba mchana. Mbao ile niliyoilea miezi mitano ililia njia nzima. Aliniuliza mara moja tu, katikati ya kazi, kwa nini hatukulipunguza hivi tangu siku ile ya kwanza. Nikakohoa. Tulipolirudishia mgongo na kuligeuza ubavu, lilipita mlangoni kama mtu anayetoka nyumbani kwake. Alhamisi akaondoka nalo. Ameniandikia kwamba limefika salama, ila kwa kukatwakatwa limepinda kidogo na milango yake haikutani. Kuna upenyo wa kidole kimoja, na mikono ya mashati ya Mrefu inachungulia nje.

Sasa nimefika mahali nilipokuwa nakwepa. Najua wewe umeshafika kabla yangu. Uliposoma sentimita themanini ulishaweka barua chini ukasema, hapana, huyu mimi namjua.

Nilikuwa nimeupima mlango, Dada.

Mchoro wa kwanza wa kabati ulikuwa na kina cha sentimita sitini. Lakini wiki ileile niliyotaka kuagiza mbao, Chiriku alinibandikia karatasi ukutani dukani, ya kunifundisha kuishi bila yeye. Kwanza, wasalimu. Pili, watazame usoni. Tatu, usiseme saa imekufa, sema nitaiangalia. Niliisoma, nikamshukuru, nikaenda chumba cha nyuma nikasimama kati ya yale madirisha mawili. Sikujiambia kwamba nafanya hila. Nilijiambia tu kwamba nguo zake zinahitaji nafasi. Kisha nikachukua tepu nikapima upana wa mlango, nikapata sabini na mbili, na kwa kuwa kipimo nisichokiandika sikiamini, nikaandika kwa penseli pale pale kwenye fremu nyeupe, kwa mwandiko wangu ule wa kuandikia ndani ya mifuniko ya saa: mlango 72. Na chini yake: kabati 80. Nikazitazama namba zile mbili kwa muda mrefu. Mvua ilikuwa inaanza. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyeota kwamba hakuna anayekwenda popote.

Nilitengeneza zawadi isiyotoka, nikamwambia mtoto ni ya safari.

Na kuna jambo jingine, ambalo hakuna anayelijua ila mimi na yeye. Siku ya lori, watu walipokuwa wanapiga kelele za nyundo na ukuta, Mrefu aliinama kuangalia fremu mahali kabati lilipogota. Kazi yake ni kusoma namba ndogo. Nilimwona anasoma. Nilimwona anasoma tena. Akageuza kichwa akanitazama, na mimi, mtu mzima, sikuwa na pa kuficha uso. Kisha akaweka dole gumba juu ya namba zile, akazisugua taratibu mpaka fremu ikawa nyeupe, akanyanyuka akawaambia watu kwamba vipimo vya milango ya zamani humdanganya mtu yeyote. Akapanda lori akaenda kulala peke yake katika nyumba mpya wiki tatu, na hakumwambia mkewe neno. Nimejiuliza kama mimi, katika umri wake, ningeweza. Nisingeweza.

Kwa hiyo jana, baada ya kuanza barua hii na kuiacha mara mbili, nilimpigia simu Chiriku. Sikukohoa. Nilimwambia yote kama nilivyokuambia wewe, pamoja na la mumewe. Nikasikia tu pumzi yake, na nyuma yake chombo kikiwekwa juu ya meza. Kisha akasema, "Baba, ungeniambia tu kwamba unaogopa." Nikamwambia sikujua kwamba linasemeka. Alikasirika, Dada, nisikufiche. Sauti yake ilikuwa ya mama yake kabisa. Akasema hilo la wiki tatu hatalisahau leo wala kesho. Halafu, kabla hajakata, akasema milango ya nyumba yao ina upana wa sentimita tisini, mtu yeyote anaweza kuingia na kutoka. Akaniuliza nakuja lini.

Nitakwenda Ijumaa ya wiki ijayo. Tangu nifungue duka hili sijawahi kulifunga zaidi ya siku tatu, lakini nimeshawaambia wateja, mmoja mmoja, nikiwatazama usoni. Mama Mbao atakuwa ananipokelea saa za watu mpaka nirudi. Amesema hajui kitu kuhusu saa ila kuwasalimu watu anaweza. Naona unatabasamu. Acha.

Basi langu linapita kwako, na kama hutachoka na mimi nitashuka nilale siku mbili. Mwambie shemeji asisumbuke kunipokea, nitatembea kutoka barabarani. Wasalimu wote wanaoniulizia. Goti usilitembeze hovyo. Ukiniandikia kabla sijaondoka, nigombeze kadiri utakavyo, nitaisoma barua yako ndani ya basi, nina siku moja na nusu ya kuisoma.

Akulinde Mungu, Dada yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Bwana Sekunde